Picha ya Mfua Nguo

Mtafiti yule anayewahoji wanawake maskini kuhusu uzazi wao haandiki sana, huchora. Huchanganya rangi kwa kidole huku akisikiliza, na sauti yake haipandi: "Pole, dada. Endelea."

Juzi alimwonyesha mfua nguo mmoja picha aliyomchora, amempakata mtoto mchanga. Mama huyo alikuwa amemsimulia uchungu wake wa kujifungua tu, machozi yakamkatisha kabla ya kufika mwisho. Sasa aliitazama picha kwa kitambo.

"Wangu sikupewa hata nimshike," akasema. "Wakunga walimfunika shuka hadi usoni, wakaondoka naye."

Mtafiti akashtuka, akanyakua kitambaa. "Nisamehe, dada. Namfuta sasa hivi."

"Usimfute!" Mama akamdaka mkono. "Mwache hapo hapo nimwangalie."

Mtafiti akaweka kitambaa chini, akamsogezea kiti karibu na picha.