Matangazo ya Watu Waliopoteana

Mwaka ule nilipewa somo la historia ya Marekani kwa sababu mwalimu aliyekuwa akilifundisha alistaafu, na hakuna mwingine katika idara yetu aliyelitaka. Mimi nilisomea historia ya Afrika, Dar es Salaam, nikaja Sydney kwa shahada ya pili, nikabaki. Shule yetu iko upande wa magharibi wa jiji. Vitabu vya somo hilo vilikuwa vichache na vimechakaa, basi nikaanza kutafuta mtandaoni.

Muda nilikuwa nao. Nilikuwa nimeachana na mume wangu, hatukujaliwa mtoto, nikapanga nyumba ndogo Lidcombe karibu na stesheni. Shuleni wenzangu walikuwa wema. Jumatatu waliniuliza wikendi ilikuwaje, nikasema nzuri, nao wakasema nzuri, kila mtu akarudi kwenye simu yake. Kiswahili nilikizungumza na dada yangu tu, kwa simu ya Dar es Salaam, kwa saa chache ambazo mimi na yeye tuko macho pamoja. Jumamosi moja nilimwita paka wa jirani, sauti ikatoka na mikwaruzo, ndipo nikagundua kwamba tangu jana yake sikuwa nimefungua kinywa.

Katika kutafuta kwangu nikakuta magazeti ya zamani ya Marekani ambayo maktaba za huko zimeyapiga picha na kuyaweka wazi kwa yeyote. Ndani yake mna matangazo ya watu waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, wakiwatafuta ndugu zao. Mama anamtaja mtoto aliyeuzwa, mji alikouzwa, jina la aliyemnunua, kisha anawaomba wachungaji wasome tangazo kanisani. Matangazo ni mafupi. Nilisoma moja, nikafungua jingine, mpaka chai ikapoa mezani.

Nikayapeleka darasani. Kila mwanafunzi alichagua tangazo moja kwenye kompyuta yake, alisome kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake nani anatafuta na anamtafuta nani. Wengi walimaliza upesi. Msichana mmoja hakuandika kitu. Alikuwa Mrundi, amezaliwa kambi ya wakimbizi, Kigoma, akaletwa Australia angali mdogo. Nilijua anaelewa Kiswahili, kwa sababu siku ya wazazi mama yake alinitania kwa Kiswahili, naye akawahi kucheka kabla yangu. Lakini nikimsemesha Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, na mbele ya wenzake hakutaka hata nimsemeshe.

"Miss," aliniuliza, "walionana?"

"Hatujui. Wachache tunajua walionana. Wengi, gazeti halisemi."

"Yaani linaishia hapo tu?"

"Linaishia hapo."

Alifunga kompyuta. Kipindi kilichofuata alinyoosha mkono kwanza. Hakusoma tangazo la Marekani. Alisoma alilolitunga mwenyewe kwa mtindo uleule: familia inamtafuta binti, dada mkubwa wa mama yake, aliyepotea wakati wa vita walipokuwa wakikimbilia mpaka wa Tanzania. Alikuwa na kovu chini ya kidevu. Alikuwa mwepesi wa kukimbia. Alikuwa akipenda kuimba. Wale wavulana wa nyuma ambao huwa hawanyamazi, walinyamaza. Nilimshukuru.

Wiki hiyo hiyo alinisubiri mlangoni mpaka wenzake wote wakatoka. Kwa mara ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "Bibi anakuita nyumbani. Anasema mimi nimeandika mbaya."

Mama yake alithibitisha kwa simu, akanikaribisha Jumapili baada ya ibada. Walikaa Westmead, kwenye ghorofa nyuma ya hospitali ambamo mama alifanya usafi. Siku hiyo alikuwa zamuni. Bibi alikuwa kwenye kochi, kitenge begani, miguu juu ya stuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Kwanza ule."

Nikala maharage ya mawese na ugali. Sikuwa nimepikiwa na mtu siku nyingi. Bibi alinitazama nikila hadi nilipomaliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na Kirundi kikichungulia humo ndani, lakini nilimwelewa kila neno.

"Huyu mtoto ameniletea karatasi, akanisomea. Nikamwambia, umeandika vibaya. Yeye anasema mwalimu amesema ni vizuri."

"Ni vizuri, bibi. Darasa zima lilimsikiliza."

"Ameandika 'alikuwa na kovu.' Kwa nini alikuwa? Wewe umemwona amekufa?"

Nilitaka kumweleza kwamba wanafunzi wangu wamezoea kuandika hivyo kwa sababu somo letu ni historia, na Kiingereza cha somo hilo kinakwenda hivyo. Nikaona aibu.

"Mimi niliwabeba watoto wawili wadogo," bibi akaendelea. "Yeye mkubwa alishika nguo yangu. Risasi zikalia, watu wakasukumana. Nilipogeuka, nguo haina mkono. Lakini sikumwona amekufa, na hakuna mtu aliyeniambia amemwona. Kwa hiyo ana kovu. Andikeni ana."

Tukakaa mezani, mjukuu na kompyuta yake, mimi katikati. Bibi alisema, mimi nikatafsiri, mjukuu akaandika. Ana kovu chini ya kidevu. Anakimbia sana. Anapenda kuimba. Kwenye umri bibi akahesabu kwa vidole. "Ni mtu mzima sasa," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza habari imemfikia. Tukapeleka maelezo yale kwa shirika linalowatafutia wakimbizi ndugu zao.

Nilipokuwa naaga, bibi alinishika mkono. "Na wewe mwalimu, nani anakutafuta?"

"Wanajua niliko, bibi. Niko salama."

"Sikukuuliza nani anajua."

Nilicheka kwa adabu. Kwenye treni nilimpigia dada yangu, na kule ilikuwa ndiyo kwanza asubuhi. Akashtuka. "Kuna nini? Nani anaumwa?" Nikamwambia hakuna anayeumwa. Akasema yuko mbioni, atanipigia. Simu hiyo hakuipiga siku ile.

Jumapili nyingi baada ya hapo nilikwenda Westmead. Msichana alinionyesha mtandaoni picha na sauti za zamani za watu waliotoka utumwani Marekani, ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimezifikia, nami nikazitumia darasani. Bibi alilala kwenye kochi tukizungumza, akaamka, akauliza kama kumepatikana jibu. Kisha baba yake, aliyekuwa akiendesha lori la makontena bandarini Port Botany, akapata kazi jimbo jingine, Queensland. Wakahama wakati wa likizo. Niliwasaidia kufunga vyombo kwenye magazeti, tukakumbatiana kwenye maegesho ya magari, nikarudi kwa treni.

Hadi leo shirika halijajibu. Somo bado nalifundisha, na mwaka huu darasani hakuna anayejua Kiswahili. Jumapili nafua, nasahihisha kazi za wanafunzi, nakwenda dukani hata kama sina la kununua.

Majuzi bibi alinipigia. Aliuliza kama kuna baridi, nikasema ipo. Aliuliza kama nakula, nikasema nakula. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kusema, na hakuna aliyekata. Nilikaa na simu sikioni, nikasikia sufuria zikigongana jikoni kwao na mtu akicheka chumba cha pili. Mwishowe mjukuu akaichukua simu, akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba bibi ameshalala.