Kitenzi Nilichofundishwa Queensbury

Chai iliyotiwa unga wa wagonjwa hainuki kama chai. Inanuka karatasi iliyolowa, na ikikaa kidogo inaganda pembezoni mwa kikombe mpaka uikwangue kwa kijiko. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea kila asubuhi katika likizo ile ndefu ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi, mara tu mlango wa nyumba ile ya Queensbury, London, ulipofunguliwa. Kulikuwa na harufu nyingine pia, ubani kidogo kutoka kwenye chumba cha sala na sabuni ya kufulia, lakini chai ile ilizishinda zote. Mama na mimi tulikuwa tumetoka Tottenham kwa treni mbili, yeye akisoma daftari la kozi yake hata akiwa amesimama, mimi nikibeba mfuko wa chakula cha mchana. Hakukuwa na mtu wa kuniachia. Baba alibaki Voi, Kenya, na baadaye akawa na familia nyingine huko, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na popote mama alipokwenda mimi nilifuata.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi. Alifundisha Kiingereza huko miaka mingi, akahamia London, akafundisha tena mpaka akastaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja wa mwili pamoja na koo, na hospitali ikaamuru kila anachokunywa kitiwe unga wa kukifanya kizito, maana kinywaji chepesi kingeweza kuteleza na kuingia mapafuni. Binti yake, Hansa, alikuwa mfamasia anayeondoka asubuhi na kurudi jioni. Ndiye aliyemwajiri mama, ndiye aliyekubali nije naye, na ndiye aliyeahidi kumwandikia barua ya kumpendekeza kwenye chuo cha uuguzi. Mama alikuwa amemaliza masomo yake ya jioni, na barua hiyo ndiyo karatasi pekee iliyokuwa imebaki. Alitaka kuwa muuguzi tangu alipokuwa msichana. Alikuwa ameshanunua viatu vya kazi, vimekaa juu ya kabati ndani ya boksi lao, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa akivishusha na kuvijaribu kidogo.

Mwalimu alikuwa na lugha mbili, na alizigawa bila huruma. Kwangu alizungumza Kiingereza. Kwa mama alitumia Kiswahili cha jikoni, kile alichokuwa akiwaamrisha nacho watumishi wa kwao Nairobi. "Wewe yaya, kuja hapa. Leta maji. Hapana simama hapo." Kiingereza cha mama kilikuwa kizuri, na siku za kwanza alijibu kwa Kiingereza. Mwalimu alimtazama tu, akasubiri, kisha akarudia amri yake pale pale alipoiachia. Mama akaacha. Kila asubuhi alimwinamia na kumwamkia, "Shikamoo Mwalimu," na kila asubuhi Mwalimu aliuliza vidonge viko wapi. Nikimuuliza mama kwa nini anaendelea kumwamkia mtu asiyeitikia, alisema yule ni mtu mzima, na tena ni mwalimu. Kwa mama neno hilo lilimaliza mjadala. Kwao Voi, katika utoto wake, mwalimu akisema jambo limetokea, basi limetokea, na mzazi hakuulizwa.

Mimi nilipewa kiti karibu na dirisha. Mwalimu aligundua mapema kwamba ninapenda maneno, na alikuwa na njaa ya mwanafunzi kuliko njaa ya chakula. Alinifungulia kamusi lake kubwa, akanifundisha kulibeba kwa mikono miwili, akanisahihisha matamshi mpaka nikaacha kutamka kama mama. Nilipopata sawa alinigusa shavu kwa kidole chake kizima. Ningefanya lolote kwa kidole kile. Na katikati ya masomo, bila kupandisha sauti, alinionyesha mama. Mtazame anavyopoza chai. Mama alikuwa akiipoza kama watu wa kwetu wanavyopoza chai ya mtoto, akiimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, juu juu, bila tone kuanguka, kisha anatia unga vijiko viwili huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili. "Watu wa aina hii," Mwalimu aliniambia kwa Kiingereza, mama akiwa hatua tatu kutoka kwetu, "wasipohesabu kwa sauti wanasahau wanafanya nini." Nilicheka. Sijui kama mama alisikia kile Kiingereza, lakini kicheko changu alikisikia, kwa sababu aligeuka.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane mama alileta chai, akahesabu moja, mbili, akakoroga, akaweka kikombe mezani, akapanda juu kubadilisha mashuka. Mwalimu hakukigusa. Aliniambia nifungue kamusi kwenye kitenzi infuse na nisome kwa sauti. Alisema kitenzi hiki kilitoka Kilatini, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: kumimina kitu ndani ya kitu. Wahubiri wakakichukua mapema, wakasema Mungu anamimina neema moyoni mwa mtu. Watu wa majumbani nao wakakitumia kwa majani yanayoachwa ndani ya maji ya moto mpaka yakolee, na madaktari kwa dawa inayoingizwa mshipani tone kwa tone. Mwisho kila mtu akakitia mkononi: jemadari anawamiminia askari ujasiri, mwalimu anamtia mtoto mapenzi ya kusoma. Maneno, alisema, ni kama wahamiaji, yanaondoka nyumbani na kazi moja na kupata kazi nzuri zaidi ng'ambo. Chuoni miaka mingi baadaye nilichunguza habari hizo na nikakuta hakukosea sana. Alikuwa mwalimu hodari, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Kisha akasema huwezi kukielewa kitenzi kwa kukisoma tu. Nilipaswa kuona. Akanielekeza kwa sauti ya chini: birika la kaure liko kabati la juu, majani kwenye kopo la kijani, maji yachemke, nimimine, nifunike, nisubiri dakika nne kwa saa ya ukutani. Uji ule wa yaya niumwage kwenye sinki na nitumie kikombe kile kile. Nilijua kuhusu unga. Mama alikuwa amenieleza siku ya kwanza, akanionyesha kwenye shingo yangu mwenyewe chakula kinapita wapi na hewa inapita wapi. Nilijua, na nilifanya. Dakika zile nne zilikuwa tamu mno kwangu, nikichungulia maji yakibadilika rangi, nikijiona msomi. Nilimletea kikombe. Alinusa kwanza, macho akayafumba, na machozi yakamtoka. Nadhani alikuwa hajanusa chai miezi minane. Akanywa funda moja, akanywa la pili.

Alipaliwa kwenye la tatu. Kikombe kilianguka zuliani, uso ukabadilika rangi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Mama alishuka ngazi mbio. Alimwinamisha mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, akapiga simu ya gari la wagonjwa huku mkono mmoja ukiwa bado umemshika, akamzungumzisha kwa upole wakati wote, kwa Kiingereza safi. Mtu aliyekuwa akifanya yote hayo alikuwa muuguzi tayari, kasoro karatasi tu. Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda jikoni nikaosha birika. Majani niliyafunga kwenye gazeti na kuyasukuma chini kabisa ya taka, birika nikalikausha, nikalirudisha kabati la juu, mkono wake ukielekea ukutani kama nilivyolikuta. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na miaka kumi na nilifanya kazi safi.

Chai ile ilimsababishia nimonia, lakini hakufa. Siku ya nne tuliitwa hospitalini, mimi na mama, tukasimama upande mmoja wa kitanda na Hansa upande wa pili. Hansa hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kilichotokea, kwa sababu chai iliyomwagika zuliani ilikuwa nyepesi kama maji. Alimuuliza mama yake taratibu. Mwalimu alinitazama mimi kwanza. Alinitazama muda mrefu, kama vile alivyozoea kunisubiri nimalize sentensi, na nilipokaa kimya aligeuka akamtazama mama, akasema kwa Kiswahili chake, ili mama asikose hata neno moja: "Yaya nasahau unga." Nilisikia nafuu ikinishuka mpaka kwenye miguu. Sitaipaka rangi nafuu hiyo. Ilikuwa nafuu, na ilikuwa nzuri.

Ndani ya treni mama hakufungua daftari. Baada ya vituo vingi aliniuliza, "Wakesho, wewe ulikuwa pale. Uliniona nikitia unga?" Hakuwa akinishuku. Alikuwa akiniuliza kama shahidi, mtu pekee aliyemwamini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba. Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimesikia moja, nimesikia mbili. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa matamshi niliyofundishwa, kwamba sikumbuki. "Fikiria vizuri, mwanangu." Nikasema labda alisahau, alikuwa amechoka. Niliongeza hilo mwenyewe. Niliogopa, ndiyo, lakini woga peke yake haukutosha kunitoa maneno yale. Wiki tano za kukaa kwenye kiti kile zilikuwa zimenifanya nimwone mama kwa macho ya Mwalimu, mwanamke anayesahau asipohesabu, na kumwambia hivyo hakukunigharimu kitu.

Watu wakidhani alifukuzwa, wanakosea. Hansa alisema kila mtu husahau, akamwomba arudi Jumatatu, na barua aliiandika vizuri kuliko alivyoahidi. Iko ndani ya bahasha mpaka leo. Mama hakuipeleka. Alisema asiyekumbuka vijiko viwili hawezi kupewa wodi nzima. Akaanza kuhakikisha jiko limezimwa mara tatu kabla hatujatoka, akaniuliza kama amefunga mlango wakati funguo ziko mkononi mwake. Dawa ya kikohozi aliacha kunipimia, nilijipimia mwenyewe. Viatu alimpa msichana wa kanisani. Akapata kazi ya usafi uwanja wa ndege, tukahamia Hounslow ili awe karibu, na watu walipomuuliza kwa nini aliacha wagonjwa alijibu kwamba sakafu haipaliwi. Walicheka. Mwalimu alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na Hansa akaniletea kamusi, akisema mama yake aliagiza nipewe. Nilikipokea kitabu kile kwa mikono miwili. Kilinifikisha chuo kikuu.

Leo ninafundisha Kiingereza shule ya sekondari, Tottenham ile ile, ambako mama alirudi alipostaafu. Kila mwaka kitenzi kile kinajitokeza kwenye somo, nami ninaandika ubaoni kumimina, kukoleza, kuingiza rohoni, na wanafunzi wananakili. Huwa wananiomba mfano wa maana ile ya mwisho. Ninawapa ule wa jemadari na askari wake. Darasani mimi ni mpole, sijawahi kumcheka mzazi anayekuja na Kiingereza cha kuungaunga, na wenzangu wananisifu kwa hilo. Ninaipokea sifa. Ningeweza kuishi hivyo mpaka mwisho, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimezoea, na mama alikuwa amezoea pia.

Lakini mwaka huu nimepata mtoto. Nilimpeleka kwa bibi yake akiwa na wiki sita, nikamwomba mama ampe chupa wakati ninanawa mikono. Alirudi nyuma hatua moja. Alificha mikono yake nyuma ya kanga, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mlishe wewe. Mikono yangu haifai." Nilimlaza mtoto kwenye kochi. Nikamwambia mama yote pale pale jikoni, nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili: kitenzi, birika, dakika nne, gazeti kwenye taka. Nikamwambia alihesabu moja, akahesabu mbili, nilimsikia, na hakusahau kitu siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alivuta kiti akakaa, akaitazama mikono yake juu ya meza, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Mtoto alianza kunung'unika na hakuna kati yetu aliyemfuata.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi, mama."

"Na sasa?"

"Thelathini na nne."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha jambo alilokuwa ameshalihesabu.

"Yule wa miaka kumi nimemsamehe," alisema. "Wewe chukua mtoto wako, uende nyumbani kwako kwanza."