Rokenroli Kinuni

Wiki moja kabla ya sendofu ya kumuaga binti yangu anayeolewa, mama yangu alitoa sharti. Atacheza naye rokenroli mbele ya wageni, lakini binti akikosea mapigo, hataendelea. Binti alilitaka jambo hilo kuliko keki. Tangu baba afariki, hakuna aliyewahi kumwona mama akicheza.

Wimbo wenyewe ni wa Marekani na umenizidi umri. Mama aliujua kwenye santuri, alipokuwa msichana Dar. Binti kaupata kwenye simu, na lile gitaa la mwanzo ndio mlio wake wa kuita. Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, nimewahi kuusikia kwa kinyozi, mteja akitikisa kichwa mpaka akaonywa kuwa sikio litabaki sakafuni.

Jumamosi hiyo tukaenda Marui, nyumbani kwa mama. Simu tuliiweka dirishani. Binti akaanza kupiga makofi na kurusha miguu. Mama alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Mke mwenzangu," alimwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "unapiga makofi pale ngoma inapokanyaga. Piga inaponyanyua mguu."

"Bibi, si ni palepale?"

"Ingekuwa palepale, babu yako angekuoa wewe."

Walirudia mara sita, nilihesabu. Mara ya sita binti alikuwa karibu kulia.

Mama akazima simu, akamvuta uani kwenye kinu cha muhogo mkavu, akampa mchi na yeye akashika mwingine. Wawili wakitwanga kinu kimoja hupokezana, huyu akishusha mwenzake ananyanyua. Ukiwahi, michi inagongana. Iligongana mara mbili, vipande vya muhogo vikaruka hadi kwa kuku, kisha ikatulia. Tu, ta. Tu, ta.

"Mimi tu, wewe ta," mama alisema. "Shikilia hiyo ta yako." Kisha akanigeukia: "Washa."

Nikawasha. Kila mchi wa binti uliposhuka, ulishuka pamoja na makofi ya wimbo.

"Kumbe!" binti alipiga kelele, mchi ukamponyoka, na makofi akayaendeleza kwa mikono mitupu bila kukosea.

Wiki iliyofuata, ukumbini Kibaha, wageni nao walipiga makofi, wengi wao pasipo pake. Binti hakutetereka. Mama alimzungusha, akazungushwa yeye, akacheka kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Wimbo ulipoisha alisimama katikati akihema, akaufunga mtandio upya kiunoni, akampungia mkono mpiga muziki.

"Rudisha!"