Siku Hizi Feni Zote Kwangu Ni Nzima

Saa moja asubuhi, na bati la kibaraza limeshaanza kuchemka. Fundi Kimya amekaa kwenye kigoda, feni ya mezani iko mapajani, wavu wa mbele umefunguliwa. Mapanga ameyaloweka kwenye beseni la maji ya sabuni. Kwa mswaki mkuukuu anachokonoa vumbi lililoganda nyuma ya mota, anapuliza, anakohoa, anachokonoa tena.

Anakausha mapanga kwa kitambaa, anadondosha oili ya cherehani kwenye shafti, anafunga, anawasha. Halafu anafanya jambo ambalo mgeni akiliona atadhani mzee kachanganyikiwa. Anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye mota, na mpini wake anaung’ata.

“Nasikiliza kwa meno,” anasema. “Masikio yamenikimbia.”

Jina la Kimya alipewa na majirani, enzi zile feni ikitoka mikononi mwake hujui kama imewashwa mpaka uone pazia linacheza. Bushi iliyolika, ile pete inayoshika shafti, panga lililopinda, skrubu iliyolegea, vyote alivijua kwa kusikiliza tu. Alipokea feni kumi kwa wiki. Sasa zikija mbili, mkewe anashukuru Mungu.

Kilichomponza ni kiwanda cha mabati alikofanya kazi miaka kumi na minane, masikio wazi, kabla hajapunguzwa. Hakuna bosi aliyemwambia ayazibe. Inatia hasira, jamani. Hospitali walimweleza kuna kifaa cha kuvaa sikioni. Akauliza bei, akaaga.

Ukitaka kuongea naye inabidi uinamie sikio la kushoto na kupaza sauti. Hapo napo anakuja juu: “Usinifokee, mimi si mtoto wako!”

“Ukimwita kula anasikia vizuri tu,” mkewe alitutania jana tulipofika kuandika habari zake.

Mke huyu ndiye amekuwa masikio yake kwa miaka miwili. Fundi akiwasha feni, yeye hukaa pembeni akichambua mboga. Ikiwa sawa, anamgusa goti mara moja. Ikikwaruza, mara mbili. Wateja hawakuwahi kujua.

Lakini asubuhi hii foleni ya bombani imemchelewesha, na mwenye feni ndiye huyo anaingia. Ni muuguzi, jirani wa mlango wa tatu, katoka zamu na macho mekundu.

“Shikamoo, babu.”

Fundi hasikii. Ameinamia feni, bisibisi mdomoni, na feni inakwaruza krrr, krrr, kibaraza kizima kinasikia. Anainua uso, anamwona mteja, anachangamka.

“Karibu, mwanangu! Kama mpya!”

“Babu, mbona inakwaruza?”

“Ee, nimeisafisha yote, mpaka ndani.”

Muuguzi anamtazama kidogo, kisha anamtazama mwandishi. Anachomoa waya, analipa hela yote, anabeba feni yake mbovu na kwenda zake. Mlangoni anapishana na mke wa fundi mwenye ndoo kichwani, na kwa nyuso zao tu mzee anaelewa kilichotokea.

“Angenitukana ningejua bado mimi ni fundi,” anasema baadaye. “Kanihurumia. Kesho mtaa mzima unajua.” Anafuta bisibisi kwa shati. “Meno yanapata mtetemo tu, mkwaruzo hayaupati. Siku hizi feni zote kwangu ni nzima.”

Mkewe anamwambia aoshe feni tu, mota aachane nazo. Anakataa kwa kichwa. Kuosha, anasema, kila mtu anaweza kwake.

Mchana anatoa feni ya chumbani, ile ya mkewe, ambaye presha yake haipatani na joto. Anaifungua yote. Anaosha wavu, anafuta kila panga, anasugua shafti kwa msasa mpaka inang’aa, anabadilisha bushi kwa nyingine aliyoitoa kwenye feni iliyokufa. Jasho linamdondokea mikononi.

“Hii ikitoka salama, kesho nafuata ile ya muuguzi, niirudie bure,” anasema. “Ikinishinda hii, basi. Vifaa nauza.”

Anaiweka mezani. Mkewe anakaa pembeni yake, karibu kabisa. Fundi anabonyeza swichi.

Krrr. Krrr. Krrr.

“Inasemaje, mama?”

Mama anatazama ile feni. Anamtazama mwandishi kwa jicho la kuomba, na mwandishi anainamisha kichwa. Kisha mkono wa mama unashuka kwenye goti la mumewe na kuligusa, mara moja.

Mzee anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

“Nilijua tu!” anasema, akikusanya bisibisi zake mkobani. “Kesho asubuhi na mapema naenda kwake, akitoka tu zamu.”