Mashine ya Mama kwa Majina ya Wajomba

Mimi ni wakala wa forodha hapa Dodoma. Kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo, na kelele ninazo, hilo wateja wangu wote wanalijua. Mtu akija na kontena la vigae au matairi, namwambia ukweli kabla hajatoa hata senti. Sasa ndugu zangu wa damu, mama yangu na kaka zake wawili, wakaagiza mashine ya kukamulia mafuta ya alizeti kutoka nje ya nchi bila hata kunibipu. Nilipata habari mzigo umeshafika bandari kavu.

"Mwanangu, mashine imekuja," mama alinipigia, furaha tupu. "Njoo ututolee."

Mashine hiyo aliililia miaka. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Mtera, alizeti ikivunwa malori yanakuja, wanunuzi wanajipangia bei, na mama anayelima ekari kwa ekari anabaki kununua mafuta ya kupikia dukani, kwa chupa. Msimu huu aligoma. Magunia yalijaa chumbani mpaka kitanda kikahamia sebuleni, na aliapa hauzi hata punje. Panya walikuwa wameshaanza kuonja. Mashine ikikwama, malori yangechukua tena, na kwa bei ya kumdhihaki.

Nikafungua nyaraka, nikashika kichwa. Mashine moja ilikuwa imekuja kama mizigo miwili ya watu wawili. Kinu kilikuwa kwa jina la mjomba mkubwa. Mota, nyaya, tangi na mabomba yalikuwa kwa jina la mjomba mdogo. Mama, ambaye fedha nyingi ilikuwa yake, hakuwemo kabisa.

Nikampigia mjomba mkubwa.

"Shikamoo mjomba. Nani kaigawa hii mashine?"

"Marahaba, mpwa wangu. Mimi. Umeiona akili hiyo?"

Niliiona. Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unapeleka wengine kwa rafiki, ng'ambo ya vilima, ili ukame ukipiga huku au ugonjwa ukiingia, usibaki na kamba mkononi. Desturi hiyo imetuvusha njaa nyingi na siidharau. Mjomba aliona mashine nayo ni mali, basi itawanywe. Meli moja ikizama, nusu itapona.

"Na hiyo nusu ikipona, itakamua nini?" nikamuuliza.

Alikohoa. Akasema mtandao unasumbua.

Forodhani mambo yako hivi. Mashine ikija vipande vipande lakini pamoja, kwa mwenye mali mmoja, inahesabiwa ni mashine nzima, na mashine ya kiwanda cha namna hiyo haitozwi ushuru wa forodha. Ikija kwa wenyewe tofauti, kila kipande kinasimama peke yake: nyaya ni nyaya, tangi ni tangi, mabomba ni mabomba, na kila kimoja kina ushuru wake. Afisa aliyeshika mzigo wetu, binti mtaratibu asiye na haraka wala hasira, aliniambia wazi: "Dada, mimi hapa naona kinu cha mzee mmoja na vyuma vya mzee mwingine. Mashine sijaiona." Alikuwa sahihi, na ushuru ule tusingeuweza. Bado tathmini haikuwa imefanyika, kwa hiyo wajomba wangeweza kuandika upya na kumwachia mtu mmoja mzigo wote. Mtu mmoja tu.

Nikawaita wote nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu hapa mjini. Nikapika ugali na mlenda, maana mjomba mkubwa bila mlenda hasikilizi mtu.

"Basi iwe jina langu," akasema kabla hata hajanawa. "Mimi ndiye mkubwa."

"Na mota yangu?" akauliza mdogo. "Kinu bila mota utakizungusha kwa ndevu?"

Mkubwa akasema ndevu zake zina nguvu kuliko mota ya mtu asiyefuga hata mbuzi. Hapo tukacheka mpaka mlenda ukapoa, lakini mzozo haukuisha. Mama alikuwa anapakua kana kwamba mashine inayozungumzwa ni ya jirani. Hasira ikanipanda.

"Wajomba, nawaheshimu," nikasema. "Lakini alizeti ni ya nani? Anayelala sebuleni ni nani?"

Mjomba mkubwa akasogeza bakuli la maji, akanawa taratibu sana, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilioa kwa ng'ombe wa mahari yake," akasema hatimaye. Alikuwa anamwambia mdogo wake, si mimi. "Na wewe pia. Yeye hajawahi kupewa hata ndama. Tumwandike dada."

Mama akasema aa, jamani, yeye hana haja ya jina. Mjomba akamwambia ale.

Asubuhi tulikwenda wote wanne bandari kavu. Wajomba walikuwa wamesaini kila kitu, na makasha yote yalishapangwa pamoja sakafuni. Mjomba mkubwa akamsalimia afisa kwa Kigogo, "Mbukwa," yule binti akaitikia vizuri tu, kumbe ni wa kwetu. Akakagua kinu, mota, tangi, akafuata mabomba mpaka mwisho. Kisha akageuka.

"Sawa. Hii ni mashine moja. Mwenyewe nani?"

Mama akamtazama kaka yake. Ni mazoea ya maisha yake yote, wala sikumlaumu.

"Usinitazame mimi," mjomba akamwambia. "Umeulizwa wewe."

Mama akavuta khanga begani. "Ni yangu," akasema, sauti ndogo kama ya mtu anayeomba radhi.

Afisa akamwomba arudie, hakusikia vizuri. Mama akarudia, na safari hii walinzi wa getini waligeuka.