Aliyemtuma Faustin

Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Sake, mashariki mwa Kongo, Victorine alijulikana kwa mwendo wake. Siku ya soko alishuka na viazi mgongoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, akiwapita vijana njiani. Mumewe Théophile alizoea kumwacha atangulie.

Mimba ya tatu ilipofika mwisho mtoto alikaa vibaya, ikabidi Victorine apasuliwe. Hospitali ya karibu haikuwa na mtu aliyesomea kazi ya kutia wagonjwa ganzi. Siku hiyo aliingia muuguzi mmoja kijana, Faustin, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Victorine aliinamisha mgongo, akasikia sindano ya ganzi ikiingia, ikitoka, ikiingia tena. Mara ya mwisho maumivu yalimshuka mpaka kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Akapiga kelele. Daktari mkuu alikuwa ananawa mikono. Hakugeuka hata kidogo.

"Endelea tu, Faustin. Mama, usisumbuke."

Mtoto alizaliwa mzima, msichana, wakamwita Plamedi. Ganzi ikatoka kwenye mguu wa kulia. Wa kushoto haukupata nguvu tena, akawa anatembea kwa magongo.

Hospitali ilimwambia asubiri, kisha ikaacha kumwambia chochote. Nyumbani, shangazi yake alisema amelogwa, apelekwe kwa watu wa maombi. Victorine alikuwa ameketi mlangoni akinyonyesha.

"Muchawi gani anavaa blouse nyeupe ya hospitali?" akauliza. "Miye nilichomwa sindano. Macho yangu iliona."

Akasikia kwamba kwenye parokia ya Sake kuna mawakili wanaosikiliza kesi za watu wasio na uwezo. Théophile akampeleka kwa pikipiki. Huko walimkuta Maître Nadine, wakili kijana wa Goma, viatu vyake vimejaa matope. Alimsikiliza Victorine mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tunaweza kuwashitaki, Mama," akasema. "Lakini watakusema vibaya."

"Bananisema tayari."

Barua ya wakili ilipofika hospitalini, daktari mkuu aliwaita wote watatu ofisini, akawapa viti kwa heshima. Akaeleza kwamba Faustin alijiamulia mwenyewe kuchoma ile sindano na kwamba amekwisha kufukuzwa. Kama Mama Victorine anataka, hospitali itamsaidia kumshitaki huyo kijana. Atafungwa, na maneno yataishia hapo.

Théophile alimtazama mkewe. Alikuwa amechoka, na kwake hilo lilikuwa jambo la kukubali.

"Docteur," Victorine akasema, "ile siku nilipiga kelele. Uliambia Faustin nini?"

"Sikumbuki."

"Ulimuambia aendelee. Ule kijana hakujituma yeye mwenyewe. Utupe jina ya ule mwenye alimutuma."

Daktari akacheka. "Nani atakuamini wewe?"

Nje, Maître Nadine hakumficha ukweli: bila Faustin, kesi ingekuwa dhaifu. Na Faustin alikuwa amerudi kwao Walikale, simu yake haipatikani.

"Basi tunaenda Walikale," Victorine akasema.

Théophile akakataa. Barabara ni matope matupu, na msituni kuna watu wenye silaha.

"Utanifunga kwenye pikipiki wewe, ao nitafute mwengine anifunge?"

Akamfunga. Aliukaza ule mguu kwa kitenge ubavuni mwa pikipiki ili usiburutwe, wakaenda. Walikwama, wakaanguka, wakaulizwa maswali kwenye vizuizi. Kila walipoanguka, Victorine alikuwa wa kwanza kusema waendelee.

Faustin walimkuta nyumbani kwa mama yake, anaanika mpunga. Alipomwona Victorine anashuka na magongo yake, alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Umekuja na polisi, Mama?"

"Nimekuja na bwana yangu. Nani alikutuma unichome?"

"Daktari. Nilimuambia sijui ile kazi. Akasema nikikataa, kesho nisirudi."

"Uliniharibu, Faustin."

"Ndiyo, Mama." Alikuwa analia.

"Sijakusamehe. Lakini utakuja kuyasema mbele ya juge mahakamani, na miye nitakaa pale nikusikie."

Mama yake Faustin akapiga magoti akisihi, mwanawe atafungwa. Victorine akamshika mkono amwinue.

"Akinyamaza, Mama, yote itabakia juu yake."

Majaji walikuja kusikiliza kesi Sake kwenyewe, katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Wakili wa hospitali alisema mama wa shamba hawezi kujua yanayotendeka kwenye chumba cha upasuaji. Kisha Faustin akasimama, akasema yote, na kosa lake mwenyewe hakulificha. Daktari mkuu akaruka kutoka kwenye kiti akimwita mwongo. Victorine naye akainuka. Jaji akamwambia anaweza kuketi.

"Nimeketishwa ya kutosha, Monsieur le juge. Nitasimama."

Akasimama mpaka kikao kikaisha, jasho linamtoka, Théophile nyuma yake akiwa tayari kumdaka.

Mahakama iliona hospitali na daktari wake mkuu wana hatia. Faustin naye alizuiwa kufanya kazi ya uuguzi kwa muda. Hospitali ikakata rufaa, kisha vita vikafika, na rufaa hiyo mpaka leo haijasikilizwa. Mguu haukupona. Viazi sasa anashusha Théophile. Lakini baada ya hukumu, hospitali ilitafuta mtu aliyesomea ganzi.

Juzi jirani yetu Aurélie alipaswa kupasuliwa. Victorine alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akasimama katikati na magongo yake. Mlinzi akamwomba apishe.

"Nitapisha. Lakini ule mwenye atachoma sindano atoke kwanza, tumuone."

Mlinzi akaingia ndani. Baada ya muda akatoka mwanamke mwenye kofia ya kijani, akataja jina lake na shule aliyosomea. Victorine akamuuliza wangapi amekwisha kuwatia ganzi, na nani atakuwa karibu naye kama mambo yakienda vibaya. Yule mwanamke akajibu yote bila kununa.

"Sasa ingia, Aurélie," Victorine akasema, akasogea pembeni.