Mko Wangapi?

Ukibisha hodi kwa Bi Sitara hukuitikiwa karibu. Uliulizwa kwanza, "Mko wangapi?" Ukisema uko peke yako, mlango ulifunguliwa. Ukisema mko wawili, kilipita kimya, kisha ukasikia kigoda kikivutwa sakafuni. Bi Sitara alikuwa anakaa kitako kwanza. Watu wawili hakuwapokea akiwa amesimama, tangu utotoni mpaka uzeeni, na nyumba yake ya Mtaa wa Narung'ombe ilikuwa na wapangaji vyumba vyote, kwa hiyo hodi hazikuwa na mwisho.

Hajira, mjukuu wake, aliikuta tabia hiyo kama alivyoyakuta mabati na nguzo za baraza. Alipokuwa mdogo alidhani mabibi wote huuliza hivyo. Wapangaji waliifanyia mzaha. Zakayo, mtu wa Songea aliyekuwa akiuza viatu vya mtumba Mchikichini, alizoea kujibu, "Niko mmoja bibi, ila nina njaa ya wawili," na Bi Sitara akamrudishia kutoka ndani, "Basi mmoja aingie, njaa ibaki barazani."

Hajira alikuwa mtu mzima, ana watoto na duka lake la vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo, ndipo bibi yake alipomsimulia swali lile lilikotoka.

Baba yake Bi Sitara, Uwesu bin Abbasi, alikuwa kuli bandarini. Mwaka 1943, binti yake akiwa na umri wa miaka minane, alichoka kubeba magunia ya watu akaenda kujiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza. Wakamkataa. Mzungu aliyekuwa akiandikisha alitaka watu wa bara, Wangoni, Wayao, Wahehe. Watu wa pwani aliwaona laini. Kesho yake Uwesu alirudi tena kwenye foleni, na jioni akaingia nyumbani anacheka. Alimwambia mkewe, Maimuna, kwamba amekubaliwa, kwa sababu tangu asubuhi ile yeye ni Mngoni. Jina alilojiandikisha hakulitaja, au alilitaja na Maimuna hakulishika kwa kuwa alikuwa analia. Mume akaondoka na jina ambalo mke halijui, na siku ile hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo kubwa.

Salamu zake zilifika mara moja tu, kwa mdomo wa askari aliyerudishwa mgonjwa kutoka Seiloni. Baada ya hapo, kimya. Kisha siku moja watu wawili, karani wa boma na tarishi wake, walipita mtaani wakabisha hodi nyumba ya jirani. Sitara alikuwa anacheza rede. Alimwona mama wa nyumba ile akifungua mlango akiwa amesimama, na walipompa habari ya kifo alimwona anavyoanguka. Tangu siku hiyo Maimuna akaanza kuuliza kila anayebisha, mko wangapi, na binti yake akamwiga.

Wale wawili hawakuja kwao. Vita vikaisha, wanajeshi wakarudi, na Maimuna akawafuata kambini na majumbani, mtoto mkononi. Aliwatafuta wenye alama ya kichwa cha kifaru begani, watu wa Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiyo iliyopelekwa Burma. Walimweleza habari za bonde la Kabaw: mvua isiyokatika, tope la magoti, nyumbu wanaoporomoka na mizigo yao, homa iliyowaua wenzao bila hata risasi kulia, mpaka wakaufikia mto Chindwin na kuuvuka. Wengi walikumbuka Wangoni waliokufa njiani. Uwesu hawakumjua. Huko boma karani alipekua, akamwambia Maimuna kwamba mtu wa jina hilo hajapata kuwa askari. Hakufa, hakupotea, hakuwahi hata kwenda.

Basi matanga hayakukaliwa. Maimuna hakukaa eda, na hitima hakuruhusu isomwe, maana utamsomea vipi mtu ambaye hukuletewa habari yake? Sitara alipoposwa, shehe aliuliza baba wa binti yuko wapi, yu hai au amekufa. Maimuna akasema, "Yuko safarini." Ikabidi kadhi asimame mahali pa baba. Bi Sitara alikuwa akisema kwamba siku ya harusi yake alilia, na wanawake wakashangilia wakidhani ni haya za mwari.

Maimuna alikufa, nyumba ikawa ya Sitara, na ile safari ya baba akairithi pamoja nayo. Vyumba alivipangisha kwa watu wa kusini. Majirani walidhani anawapenda kwa kuwa hawana makelele. Kumbe kila aliyeingia na begi lake aliulizwa, kabla hata ya kodi, kama kwao kuna nyumba iliyoletewa msiba wa askari wasiyemjua. Wote walisema hawajasikia. Zakayo naye alisema hivyo hivyo. Nyumba za pande zote mbili zikageuka maghorofa ya maduka, na matajiri wakaja kubembeleza kiwanja. Bi Sitara aliwajibu kwamba anayetafuta njia ya kurudi mtaa hautambui tena. Angalau mlango aukute.

Mwaka huo huo aliomsimulia Hajira, bibi yake Zakayo aliletwa mjini kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa Bi Paskalina, mtu wa umri wake Bi Sitara, mfupi, mcheshi, jicho moja limefungwa pamba. Wazee hao wawili walielewana siku ya kwanza. Jumapili moja mchana walikuwa uani wanachambua mchele, Hajira kati yao, na Bi Sitara akauliza lile swali lake la msiba wa askari, kama mtu anayeuliza hali ya mvua kijijini.

Bi Paskalina aliacha kuchambua. Akataka kujua anauliza kwa nini. Bi Sitara akamweleza kwa ufupi, alivyozoea kueleza: baba, bandari, foleni, Mngoni wa siku moja.

Bi Paskalina aliweka ungo chini. Alisema, polepole, kwamba kwao walikuja watu wawili. Yeye alikuwa mdogo, lakini anawakumbuka, maana mmoja alivaa viatu. Walisema wameleta habari ya kifo cha Benjamini Komba, askari, aliyefia Burma. Na aliyewapokea mlangoni alikuwa Benjamini Komba mwenyewe, baba yake.

"Aliwaambia yeye ni ndugu wa marehemu," alisema Bi Paskalina. "Wakatoa pole, wakaenda zao. Jioni akawaita wazee akawaeleza. Alikwenda Dar kutafuta kazi, akaingia foleni ya Keya, alipokaribia meza miguu ikakataa. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa pwani aliyekataliwa jana yake. Akamwachia nafasi, akamwachia na jina na kijiji. Jina la yule mtu hakumuuliza. Alijua tu kwamba ana binti mdogo, maana alikuwa anamsema sana pale foleni."

Hajira alimtazama bibi yake. Mikono ya Bi Sitara ilikuwa bado ndani ya mchele, haisogei.

"Wazee walisemaje?" akauliza Bi Sitara.

"Walisema amekufa kifo cha mtoto wetu. Tukaomboleza. Padri akaomba misa. Mpaka leo kila Novemba, siku ya marehemu, anatajwa. Sisi wadogo tulijua ni Benjamini wa pili tu, mengine baba alinieleza nilipokua."

"Mlilia?"

"Tulilia, dada. Mimi nililia kwa kuwa baba alilia, na sikupata kumwona akilia kabla ya hapo."

Nje muuza maji alipita akigonga chupa. Kisha Bi Sitara akauliza kama huyo baba aliishi sana.

"Alizeeka," Bi Paskalina alisema kwa sauti ya chini. "Alinioza mwenyewe."

"Alikuoza," alisema Bi Sitara.

Hakulisema kwa hasira. Hajira angetamani iwe hasira, maana hasira ya bibi yake aliizoea. Bi Paskalina aliteremka kwenye kigoda, akakaa chini mkekani, akaushika mkono ule wenye vumbi la mchele.

"Pole kwa msiba, dada."

Neno hilo halikupata kutamkwa katika nyumba ile kwa ajili ya Uwesu bin Abbasi. Maimuna alikufa bila kulisikia. Bi Sitara alilia kama mtoto wa miaka minane, huku bibi mwenye jicho la pamba akilia naye, na Zakayo, aliyetokea mlangoni na mfuko wa viatu, akarudi nyuma taratibu.

Ijumaa iliyofuata hitima ilisomwa. Mwalimu wa madrasa alimtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake. Bi Paskalina alikaa na wanawake, amejitanda khanga, midomo inakwenda kwa sala za kwao. Siku chache baadaye akarudi Songea.

Hajira alidhani sasa bibi yake atapumzika. Badala yake alianza kupungua. Chakula akikigusa anakisukuma. Usemi ukawa haba. Siku moja, Hajira akimpaka mafuta miguuni, alisema, "Maisha yangu yote nimewaogopa wale watu wawili. Kumbe walishabisha kwa wengine. Wangekuja kwetu, ningelia na mama yangu, tukamaliza. Paskalina alilia kilio changu, mimi nikabaki nacheza rede."

Hajira alimshushia gauni miguuni, akamfunika.

Bi Sitara alikufa kabla ya mfungo. Asubuhi hiyo Hajira alipitia na uji kabla ya kufungua duka. Akabisha hodi.

"Mko wangapi?"

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini swali lilikuwa lile lile. Hajira akasema yuko peke yake, akasukuma mlango. Bi Sitara alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amevaa khanga mpya, mikono magotini, uso ameuelekeza mlangoni. Alimtazama mjukuu wake, kisha akatazama nyuma yake, ukumbini, ambako hapakuwa na mtu.

"Mwenzako umemwacha wapi?" alisema. "Mwambie aingie, nimeshakaa."